Maji Yamfuata

Jumatatu, 22 Aprili

Pasaka imekwisha. Kijiji kizima kimechoka kwa harusi na nyama. Kesho tunaondoka na kundi letu la kulungu wa theluji kwenda pwani. Mjomba Issát amepima theluji kwa fimbo yake asubuhi — ganda gumu, anasema, lakini halitamaliza wiki mbili. Majike wana mimba na wanatazama kaskazini tu. Wakianza kwenda hawangoji mtu.

Nimepakia sleji. Skuta ya theluji ya marehemu baba imewaka kwa mvuto wa pili! Skuta za wenzangu ni mpya, wanaziwasha kwa kitufe. Yangu ni ya kuvuta kamba. Binamu yangu Jovnna anaiita "bibi". Sawa, aiite. Bibi hajanilaza porini hata siku moja, na fundi wa kundi zima ni mimi, si hao wenye vitufe. Wakikwama wananijia mimi. Napenda wakinijia. Basi, nimeandika.

Jambo jipya: madumu yote ya petroli mwaka huu kanunua na kujaza Edvin, mume wa mdogo wangu Sunná. Mjomba ndiye aliyempa kazi hiyo. Na si hiyo tu — Edvin ndiye atakayemwongoza kulungu wa kengele, yule anayefuatwa na kundi lote, tukivuka mto! Ana miaka sita tu tangu atoke pwani kwenye boti ya kaka yake. Mimi nilingoja kumi na mmoja. Sisemi kitu.

Nimefungua sanduku la mama. Mikanda yake ya viatu, ile myekundu aliyoifuma mwenyewe. Mmoja nimempa Sunná. Wangu nimeuzungusha kwenye mhimili wa usukani wa skuta, mara sita, juu ya nyaya na mipira yote, nikaukaza kwa fundo la mama ili upepo usiuchukue. Alikufa Januari. Mwaka huu ni safari ya kwanza bila yeye, na sikutaka iwe bila yeye kabisa.

Jumanne, 23 Aprili

Aibu. Na ndiyo kwanza siku ya kwanza!

Tumetoka saa kumi na moja alfajiri, theluji ngumu kama sakafu. Dakika ishirini hivi, bibi akaanza kusinzia. Hakukohoa, hakupiga kelele. Nguvu zikapungua, zikapungua — kimya. Wenzangu wakanipita mmoja mmoja. Jovnna alipunguza mwendo makusudi ili nimwone akicheka.

Baba alinifundisha utaratibu wake na sijawahi kuuvunja: skuta ikizimika, kwanza kabisa fungua tangi uone mafuta. Usimpime mgonjwa moyo kabla hujamuuliza kama amekula. Nikafungua. Mafuta tele. Nikafunga. Nikatoa plagi — kavu zote mbili. Nikaweka mpya. Mvuto wa tano ikawaka. "Plagi tu!" nikatangaza kwenye redio zetu za mkononi, kwa sauti ya daktari.

Dakika ishirini na mbili. Kimya tena. Nikafungua tangi — yapo. Plagi mpya nazo kavu. Maana yake cheche zipo, mafuta ndiyo hayafiki. Nikachomoa mpira wa mafuta, nikaupuliza, nikaurudisha. Ikawaka.

Mara ya tatu ni mlimani, na sleji nyuma. Edvin akageuza skuta yake akarudi kunisaidia. Nilikuwa nimeinama, nafungua tangi.

— Shemeji, umesikia hiyo?
— Nimesikia nini?
— Ulivyofungua kifuniko. Fyuu. Kama chupa ya soda. Kwetu kwenye boti, kifuniko cha tangi kina skrubu ya hewa. Ukisahau kuilegeza —
— Edvin, hapa unaona boti?

Jovnna naye alikuwa ameshafika. Akajishika mbavu. — Lo! Mtu wa samaki anamfundisha Gáren skuta! Kesho atamfundisha kulungu kuogelea!

Edvin akacheka kidogo, jinsi anavyocheka, akitazama glavu zake. Akaniwekea kipande cha nyama kavu juu ya kiti akaondoka.

Mara tano leo. Fundi wa kundi amefika kambini wa mwisho, chakula kimepoa, na hakuna aliyesema neno. Bora wangesema.

Jumatano, 24 Aprili

Nimepata! Ni maji!

Asubuhi imezimika mara tatu kabla ya saa mbili. Kila mara nafanya kitu, kila mara inawaka, kila mara inanidanganya. Mwisho nimetoa chujio la mafuta na kuligonga juu ya kiganja. Tone la barafu, dogo kama punje ya mchele. Maji kwenye petroli! Yanaganda, yanaziba njia, injini inakufa kwa kiu. Nimeweka chujio jipya, nimeangalia tangi, nimevuta kamba — ikawaka.

Na petroli kajaza nani?

Tulipopumzika adhuhuri watu wote walikuwa wamezunguka moto. Mjomba akauliza, bila ubaya, fundi wetu ana nini mwaka huu, mbona anatembea kama jike mzee. Wote wakanitazama. Nikanyoosha kiganja na lile tone lililokuwa limeshayeyuka, nikasema waulizeni waliojaza madumu.

Edvin alisema alichuja yote kwa kitambaa. Alisema skuta zao zote zinatumia mafuta hayohayo na hakuna iliyozimika. Nikamjibu kwamba hizo za vitufe zinakunywa hata supu, yangu ina kabureta, haidanganyiki. Wakacheka. Nilipowasikia wakicheka nikapata joto, nikaendelea. Nikaanza kuimba. Sikupanga! Ilikuja yenyewe:

*Mvuvi kapanda mlimani, lo-lo,*
*maji yamfuata.*
*Kafungua dumu la petroli, lo-lo,*
*samaki katoka.*

Jovnna alidondosha kikombe kwa kicheko. Akaidaka papo hapo, mara ya pili tukaimba wote. Hata Mjomba masharubu yalitikisika. Kama joiki, wimbo wetu wa kumwimba mtu, ni nzuri, lazima niseme. Inaingia kichwani haitoki.

Sunná hakucheka. Alikuwa anakata jibini ya kutia kwenye kahawa, na kisu kikasimama.

Mjomba ameamua: kwa usalama, madumu yote yarudi kijijini yabadilishwe. Kilomita tisini. Edvin anaondoka leo hii na sleji. Tutavuka mto kwa mafuta yaliyomo kwenye matangi. Bila yeye.

Hakubisha. Alifunga madumu moja moja, akaondoka.

Alhamisi, 25 Aprili

Tumevuka. Barafu bado nzuri. Jovnna ndiye aliyemshika kulungu wa kengele, na kundi lote likamfuata kwa mstari mmoja mrefu. Sunná alisimama ukingoni akitazama. Nilidhani analia kwa ajili ya mama, maana mama alipenda sana kuvuka. Sikumuuliza.

Skuta haijazimika hata mara moja leo! Nimemimina spiriti ya kuyeyusha barafu. Na kwa hofu, kila tukisimama nafungua tangi naangalia, kila robo saa, kama mama mwenye mtoto wa homa. Safi kabisa. Basi yalikuwa maji. Nilisema.

Jovnna aliiimba joiki mto mzima. Kwenye redio pia.

Ijumaa, 26 Aprili

Sijui nianzie wapi. Naanza tu.

Edvin amerudi saa sita na madumu mapya. Macho mekundu kwa jua la theluji. Amesafiri karibu bila kulala. Wa kwanza kujaziwa mafuta ni mimi, tangi hadi shingoni. Akasema: jaribu haya, shemeji.

Saa nane majike wanane walichepuka kuelekea bondeni. Nikawafuata peke yangu na mbwa, Čáhppe. Dakika ishirini — bibi akasinzia. Kimya.

Na mafuta mapya!

Sikufungua tangi. Ya nini? Limejazwa mbele ya macho yangu. Kwa mara ya kwanza maishani nimeruka hatua ya baba. Nikaenda moja kwa moja kwenye plagi. Kavu. Nikabadilisha. Nikavuta kamba mara thelathini. Hakuna. Chujio — safi, halina hata tone. Nikavuta. Hakuna. Mpira wa mafuta, koili, nyaya, yote nimeyashika, yote nimeyapuliza. Saa nzima. Mikono imevimba. Majike wameshapotelea bondeni, Čáhppe amekaa ananitazama, hata yeye ana maoni.

Nikasema basi, nitie spiriti. Nikafungua kifuniko cha tangi.

Fyuu.

Nilisimama pale. Bonde zima kimya na ile fyuu imo sikioni. Nikafunga, nikavuta kamba. Mvuto wa tatu, ikawaka kama kijana.

Sikutaka kuamini. Nimeijaribu inavyopaswa, kwa saa ya mkononi. Kifuniko kimelegezwa: nusu saa, arobaini, hamsini, haizimiki. Kifuniko kimekazwa: dakika ishirini na moja, imekufa. Nimekilegeza — fyuu — imefufuka. Tangi halipati hewa. Injini inanyonya, inanyonya, mwisho hakuna kinachokuja, kama mtoto anayenyonya chupa isiyo na tundu.

Kwa hiyo hakuna nilichotengeneza wiki hii. Si plagi, si mpira, si chujio. Kila mara nilianza kwa kufungua tangi, na hiyo ndiyo dawa. Yote niliyofanya baada ya hapo yalikuwa maigizo. Daktari!

Kisha nikatafuta mpira wa hewa, ule mwembamba unaotoka kwenye tangi na kupanda hadi juu kwenye usukani ili theluji isiingie. Niliufuata kwa kidole. Ukaingia chini ya kitu chekundu.

Mkanda wa mama. Mizunguko sita. Fundo la mama juu yake. Mpira umebanwa bapa kabisa, haupiti hata pumzi ya panya.

Mimi. Kwa mikono yangu hii. Jumatatu ya Pasaka.

Nimefungua fundo kwa meno. Mpira ukajinyoosha polepole. Nimekaa juu ya theluji na mkanda mapajani na nimelia, sijui kwa mama au kwa haya.

Edvin aliniambia siku ya kwanza. Neno kwa neno aliniambia.

Majike nimewapata, wote wanane. Niliporudi kambini Mjomba akauliza mbona nimechelewa. Nikasema walitawanyika. Akauliza: na skuta? Nikasema — mdomo ulisema wenyewe — "Nzuri. Mafuta mapya yamesaidia."

Mbele ya Edvin.

Jumamosi, 27 Aprili

Leo nitasema. Hivyo ndivyo nilivyoamka nikisema.

Sijasema.

Jambo linalonitafuna si skuta. Skuta hukosewa na kila mtu. Ni joiki. Kwetu kila mtu ana yake tangu utotoni, sawa na jina, na humwimbi mtu kwa kusimulia habari zake — unamwimba yeye mwenyewe, yumo ndani. Edvin hakuwa na yake. Kwao pwani walishaacha zamani, wazee wao waliambiwa ni dhambi. Miaka sita na sisi na hakuna aliyemtungia. Najua alikuwa akisubiri, Sunná alishawahi kuniambia. Ya kwanza aliyoipata ni hii yangu. Samaki katoka.

Na inaimbwa! Jovnna akiwasha moto, maji yamfuata. Akikojoa nyuma ya sleji, maji yamfuata. Hakuna ubaya kwake, ni tamu tu mdomoni. Nilimwambia anyamaze, akaniambia: wewe ndiye mtunzi, nikulipe nini? Maji yakimwagika hayazoleki.

Jioni Sunná alinikuta nikikata kuni. Hajaniita dada tangu Jumatano. Leo aliniita.

— Dada, nikwambie mapema usije ukasikia kwa wengine. Edvin amempigia kaka yake. Kuna nafasi kwenye boti. Tukifika pwani habaki na kulungu.
— Kwa msimu huu?
— Moja kwa moja. Na mimi naenda naye.
— Na kulungu wako?
— Nakuachia wewe. Unajua kila kitu, utawatunza.

Hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira! Mama amekufa, baba amekufa, tumebaki wawili. Nilikuwa na maneno yote kinywani, tayari, yamejipanga. Nikamuuliza kama ana glavu za kutosha.

Jumapili, 28 Aprili

Upepo. Hatukusafiri.

Edvin anajaza matangi ya wote, moja moja, kwa faneli na kitambaa juu yake. Kila tangi kitambaa safi. Mjomba alisimama karibu akimtazama anavyochuja, kama unavyomtazama mwizi aliyerudishwa dukani. Edvin akajua anatazamwa. Akachuja mara mbili.

Alipofika kwenye yangu akafungua kifuniko. Hakuna fyuu. Mkono wake ukasimama kidogo tu. Akatazama usukani. Nilikuwa nimehamisha mkanda, nimeufunga nyuma, kwenye chuma cha kushikia mizigo.

— Umehamisha mkanda wa mama, akasema.
— Ndiyo.
— Pale pazuri zaidi.

Akajaza. Akapangusa tone lililomwagikia kwenye kiti changu. Akaenda kwa skuta inayofuata.

Anajua. Anajua na amenyamaza, na ananipangusia kiti! Mimi Gáren, miaka arobaini na sita, binti wa mtu aliyeheshimika kundi zima, nimejificha nyuma ya sleji kama mtoto aliyekojoa kitandani.

Jumatatu, 29 Aprili

Nilikaa na Mjomba tukitenganisha kamba. Nikauliza kana kwamba nauliza hivi hivi tu: joiki mbaya hufutwaje?

Akasema haifutwi.

Nikauliza, hata kama si kweli?

Akaweka kamba chini. Mjomba si mjinga. Akasema: joiki isiyo kweli ina njaa, aliyeitunga anapaswa kuiongezea mpaka ishibe. Hadharani, kama alivyoianza. Kisha akasema nimpe ile kamba ya bluu, na mazungumzo yakaisha.

Nimejaribu kutunga kutwa. Kila mstari unaokuja unanitetea. "Mama yangu alikufa", "nilikuwa na haraka", "hata baba angekosea". Yote nimeyatupa. Mama hakubana mpira. Mama alifuma mkanda, basi. Na sikukosea kwa sababu ya majonzi. Nilikosea kwa sababu sikutaka mtu wa samaki ajue kitu ambacho mimi sikijui, na aongoze mtoni kabla hajangoja miaka yangu kumi na mmoja. Nimeandika hilo, na hakuna atakayelisoma, na bado nimeona haya kuliandika.

Jumanne, 30 Aprili

Bahari. Tumeiona saa mbili asubuhi kutoka kwenye kilele, nyeusi, haina barafu. Kulungu walinusa wakaanza kukimbia. Watu wakashangilia. Edvin alisimamisha skuta, akavua kofia. Sijawahi kuona uso wake vile, kama mtu aliyefika nyumbani na anaona vibaya kufurahi.

Boti ya kaka yake inakuja saa sita kuchukua mizigo. Na yeye, na Sunná.

Tulipoweka kambi nilimfuata. Alikuwa anafunga madumu matupu. Nikasema kwa haraka kabla mdomo haujageuka: ulikuwa mpira wa hewa. Niliubana mimi kwa mkanda. Mafuta yako yalikuwa safi tangu mwanzo, na la chujio ni upuuzi, kila chujio lina tone kama lile.

— Najua, akasema. Tangu juzi.
— Kwa nini hukusema?
— Nilisema, shemeji. Nilisema Jumanne.

Nikamwambia nisamehe. Akaendelea kukaza kamba. Akasema ameshanisamehe, yeye si mtu wa kubeba vitu. Lakini kumwambia yeye peke yake, akasema, ni kama kurudisha ng'ombe usiku na kumwacha jirani akiitwa mwizi mchana. Yeye alijua tayari. Wanaoimba ndio hawajui.

Nikamuuliza nifanyeje.

— Mbona unaniuliza mimi? Mimi mtu wa samaki.

Hakutabasamu. Akabeba begi lake akaenda kukaa motoni.

Saa tano na nusu. Naandika nimekaa juu ya kiti cha skuta, hatua kumi hivi kutoka kwenye moto. Wote wapo. Mjomba anakoroga kahawa. Sunná anakata jibini na mkanda wake mwekundu ameufunga mkononi, sijui tangu lini. Edvin ana begi kati ya miguu. Boti imetokea nyuma ya mwamba, ndogo bado, lakini sauti yake inafika.

Jovnna ameshaiona. — Ehe! Mvuvi, gari lako hilo! Na ameanza, bila shaka ameanza, anapiga mapigo kwa kijiko kwenye sufuria. *Mvuvi kapanda mlimani, lo-lo.* Wengine wawili wamedakia.

Edvin kila wakiimba hutazama glavu zake. Leo hatazami glavu. Ananitazama mimi.

Mstari ninao. Ulikuja nikiandika hayo ya juu, mfupi, hauna mama wala haraka: *Gáren kafunga fundo, lo-lo, mvuvi alimwambia.* Zaidi ya hapo sina. Sijui kama unatosha. Sijui kama Sunná atafungua mizigo yake abaki au atapanda boti hata hivyo, na haki yake kupanda.

— Gáren! — Mjomba ananiita. — Unamwandikia nani barua? Njoo, kahawa inapoa.

Mkanda wa mama nimeufungua kwenye chuma, uko kiganjani, wote wauone. Jovnna amefika kwenye samaki. Baada ya hapo ni mstari wangu au kimya, na nimeshasimama